Santiago Ramón y Cajal (1852–1934)

Santiago Ramón y Cajal alizaliwa mwaka 1852 katika kijiji cha Petilla de Aragón, Hispania. Alipenda kuchora kuliko kusoma, hata baba yake, aliyekuwa tabibu, akampeleka kujifunza kazi kwa kinyozi na kwa fundi viatu. Baadaye alisomea utabibu Zaragoza.

Mwaka 1888, kwa hadubini na mkono uleule wa kuchora, alionesha kuwa mfumo wa neva umejengwa kwa seli zinazojitegemea. Mwaka 1906 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Camillo Golgi wa Italia, ambaye hakukubaliana naye kabisa.

Lakini kwa nini neva ya mkono ikikatika huweza kuota tena, ilhali aliyekatika neva ndani ya uti wa mgongo hubaki amepooza? Cajal aliona kwa wanyama kwamba nyuzi zilizokatika humo huanza kuchipua, kisha hukwama. Mwaka 1911 mwanafunzi wake, Francisco Tello, alipandikiza kipande cha neva ya mguu katika ubongo wa sungura. Nyuzi za ubongo ziliingia humo zikakua. Kumbe uwezo wa kukua ulikuwepo!

Mtahiniwa aangalie hapa: Cajal hakumponya mtu yeyote aliyepooza. Alifariki Madrid mwaka 1934. Mwaka 1981 watafiti wa Montreal, Kanada, walitumia kipande cha neva kama daraja kati ya ubongo na uti wa mgongo wa panya, na nyuzi zikakua humo takriban milimita 30.