Monsenyeri de Hemptinne na Shule za Kambini

Jean-Félix de Hemptinne alizaliwa mwaka 1876 katika mji wa Ghent, nchi ya Ubelgiji. Akaingia utawa wa Mtakatifu Benedikto, akawa padri. Mwaka 1910 alitumwa Katanga pamoja na wenzake wachache. Mwaka huo huo reli ilifika Elisabethville, mji ambao leo huitwa Lubumbashi, na watu wakaanza kuja kutafuta kazi ya shaba.

Hapo mwanzo wanaume walikuja peke yao. Walifanya kazi miezi michache, kisha wakarudi kwao. Wengi walikufa kambini kwa magonjwa. Basi mwishoni mwa miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilianza kuwaita wafanyakazi pamoja na wake zao, wakae miaka mitatu. Kambi zikajaa watoto.

Kijijini mtoto huenda shambani na mama, hutega ndege, huvua samaki. Kambini hakuna hayo. Baba alikwenda kazini alfajiri, na mtoto akabaki kuzurura kati ya nyumba. Monsenyeri alipatana na kampuni: kampuni itoe majengo na fedha, wamisionari wafundishe. Watoto walifundishwa kwa Kiswahili, kwa maana walitoka katika makabila mengi.

Lakini kujenga shule si kuijaza. Mama mmoja alimtaka binti yake amlee mdogo wake; mwingine hakuona faida ya kitabu. Kampuni ilikuwa na dawa yake. Kila mfanyakazi alipewa posho ya unga na vyakula vingine, pamoja na fungu la mkewe na la kila mtoto. Mtoto asiyefika shuleni bila sababu, fungu lake liliweza kukatwa. Waliohudhuria walipewa chakula shuleni. Kwa mtoto mwenye njaa, harufu ya chungu huita kuliko kengele.

Madarasa yakajaa. Lakini unga ukipungua, nyumba nzima hula kidogo, hata mtoto mchanga asiyejua shule ni nini.

Mwaka 1932 Monsenyeri akawekwa kuwa askofu. Alikuwa na ndevu ndefu nyeupe, tena mkali, na wengi walimwogopa. Mji wa Kolwezi ulipoanzishwa mwaka 1937, shule za namna ile ile zilifuata katika kambi zake.

Yeye alitaka shule itoe Wakristo watiifu na wafanyakazi hodari. Hakupenda Waafrika waharakishwe kupewa elimu ya juu. Kwa hiyo mvulana ambaye hakukosa hata siku moja alimaliza madarasa machache, akapelekwa kwenye karakana. Zaidi ya hapo mlango ulikuwa mwembamba sana. Mwaka 1956 chuo kikuu kilifunguliwa Elisabethville, na wana wa nchi walioingia walikuwa wachache.

Monsenyeri alikufa mjini humo mwezi wa Februari, mwaka 1958.