Bibi Emily Hobhouse, Binti wa Kasisi Aliyekwenda Kambini

Kwa miaka mingi nilifundisha historia katika chuo cha ualimu, na kila mwaka tulifika kwenye vita vya Waingereza na Makaburu huko Afrika Kusini, vilivyoanza Oktoba 1899 na kwisha Mei 1902. Tulivimaliza kwa vipindi viwili. Wanafunzi waliandika sababu za vita, wakakariri majina ya Kruger, Milner, Roberts na Kitchener, wakachora ramani, na mtihani ulipokuja wakafaulu. Sikumbuki hata mara moja kuwauliza wanawake walikuwa wapi wakati huo. Swali hilo nilikutana nalo baada ya kustaafu, nilipopata nafasi ya kusoma habari za Bibi Emily Hobhouse, nami naona haya kwamba nilichelewa hivyo.

Alizaliwa tarehe 9 Aprili 1860 katika kijiji cha St Ive, Cornwall, upande wa kusini-magharibi ya Uingereza. Baba yake, Reginald Hobhouse, alikuwa kasisi wa kijiji hicho, na baadaye akapewa kuwasimamia makasisi wa sehemu ya Bodmin. Mdogo wake Leonard alipelekwa shuleni, kisha Chuo Kikuu cha Oxford, akawa mtaalamu wa kujulikana. Emily alifundishwa nyumbani, kwa kuwa ndivyo walivyofanyiwa binti. Mama yake alipofariki mwaka 1880, yeye ndiye aliyebaki kumtunza baba na kuwatembelea wagonjwa wa kijiji. Miaka kumi na minne ilipita hivyo. Baba alipofariki mapema mwaka 1895, Emily alikuwa na umri wa miaka 34, hana mume, hana cheo, hana kazi ya mshahara.

Wengi wetu tungesema maisha yake yamekwisha pangwa. Yeye akapanda meli kwenda Marekani, katika jimbo la Minnesota, kuwahudumia wachimba madini waliotoka Cornwall. Huko alichumbiwa, akanunua shamba Meksiko kwa matumaini ya ndoa, na fedha nyingi zikapotea pamoja na uchumba wenyewe. Mwaka 1898 alirudi kwao mikono mitupu.

Mwaka uliofuata vita vikaanza. Nchi mbili za Makaburu, Transvaal na Orange Free State, zilipigana na dola kubwa kuliko zote duniani wakati ule. Majeshi ya Waingereza yaliteka miji mikuu mwaka 1900, lakini wanaume wa Kikaburu hawakusalimu amri. Waligawanyika katika vikosi vidogo vya farasi, wakapiga na kukimbia, wakipata chakula katika mashamba yao wenyewe. Ndipo Lord Roberts, na baada yake Lord Kitchener, wakaona dawa ni kuyachoma mashamba. Maelfu ya nyumba zilitiwa moto, ng'ombe na kondoo wakauawa, na wenyeji wakapakiwa katika magari na mabehewa kupelekwa kambini. Wenyeji hao walikuwa nani, ikiwa wanaume wapo vitani? Ni wanawake, watoto na wazee. Serikali ilisema inawahifadhi. Lakini mwanzoni familia ya mwanamume aliyekuwa bado porini na bunduki ilipewa posho pungufu kuliko familia ya aliyesalimu amri. Hapo msomaji ataona mwenyewe kwamba njaa ya mama ilifanywa kuwa silaha ya kumrudisha baba.

Bibi Hobhouse alikuwa London, katibu wa upande wa wanawake katika kamati iliyotaka mapatano. Mwezi Juni 1900 walifanya mkutano mkubwa wa wanawake wa kupinga vita. Aliposikia habari za mashamba kuchomwa, alianzisha mfuko wa kuwasaidia wanawake na watoto, naye akajitolea kuupeleka msaada mwenyewe. Alifika Cape Town tarehe 27 Desemba 1900. Milner alimpa ruhusa, Kitchener akaipunguza: asivuke Bloemfontein, na awe na behewa moja tu. Akalijaza nguo na vyakula, akaondoka Januari 1901.

Kambi ya Bloemfontein ilikuwa nje ya mji, kwenye mteremko wa kilima usio na mti. Palikuwa na watu karibu 2,000, wanaume wachache sana, na watoto zaidi ya 900. Katika hema moja la duara walilala watu kumi au kumi na wawili. Wengi walilala chini. Jua likiwaka hema huwa tanuri, na mvua ikinyesha maji hupita chini ya watoto waliolala.

Sasa naomba msomaji aangalie ni mambo gani aliyoyauliza. Mkaguzi wa kijeshi angeuliza idadi ya mahema na ya walinzi. Yeye aliuliza sabuni iko wapi. Haikuwamo katika posho. Wakubwa waliiona kuwa kitu cha anasa. Aliuliza maji ya kunywa yanatoka wapi, akaambiwa mtoni, na homa ya matumbo imeenea. Akasema basi yachemshwe, akaambiwa hakuna kuni za kutosha hata za kupikia. Aliuliza maziwa ya watoto. Ng'ombe hamsini walikuwapo, lakini wamekonda kwa njaa hata wote kwa pamoja hawakutoa zaidi ya ndoo nne kwa siku. Sabuni, kuni, maji, maziwa: mama yeyote wa mtaa wetu angeuliza hayo hayo kabla hajaketi. Maofisa wale hawakuwa wote watu wabaya. Walikuwa wanaume waliofundishwa kuongoza askari, wakakabidhiwa watoto wachanga na wajawazito, na hawakujua hata wanachokosea. Hilo si udhuru, maana wangeweza kuwauliza wanawake wenyewe waliokuwa mbele yao.

Alizunguka kambi nyingine pia: Norvalspont, Aliwal North, Springfontein, Kimberley. Aliporudi Bloemfontein mwezi Aprili aliikuta kambi imejaa kama mara mbili, na kila alichotengeneza kimemezwa na wingi wa watu. Katika kituo cha reli cha Springfontein alimwona mama ameketi, mtoto amemlaza magotini, naye mtoto anakata roho. Mama hakulia. Alitazama mbele tu. Sura ile haikumtoka Emily maisha yake yote.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wengi wanaomsifu hulipitia kwa haraka. Katika mashamba yale yaliyochomwa walikuwamo Waafrika pia, na wao walipelekwa katika kambi zao mbali. Kufikia mwisho wa vita walikuwa zaidi ya 115,000. Wanaume wao walichukuliwa kufanya kazi za jeshi, na wanawake walitakiwa kulima chakula chao wenyewe. Bibi Hobhouse alisikia kwamba watu wanakufa huko. Aliandika kuwa mambo yale yanahitaji kuchunguzwa, akawaomba wanawake wengine wa Bloemfontein washughulike nayo, lakini yeye mwenyewe hakwenda. Nguvu na muda wake viliishia kwenye kambi za Makaburu. Jicho lililoona ukosefu wa sabuni halikuvuka kufika ng'ambo ya pili.

Mei 1901 alirudi Uingereza, na mwezi Juni taarifa yake ikatoka. Bunge lilitikisika. Kiongozi wa chama cha Liberal, Campbell-Bannerman, aliyaita mambo yale ushenzi hadharani, na wengi wakamchukia kwa neno hilo. Bibi Hobhouse aliitwa msaliti katika magazeti. Serikali, ili kupoza hasira za watu, ikaunda tume ya wanawake watupu chini ya Bibi Millicent Fawcett, mpigania haki ya wanawake ya kupiga kura. Emily, aliyeijua kazi, hakutiwa ndani.

Bibi Fawcett aliiunga mkono vita. Nao wanawake wengi wa Kikaburu waliwahimiza waume zao wasisalimu amri, hata wao wenyewe wakifa njaa. Basi asitudanganye mtu kwamba mwanamke huzaliwa na amani mkononi. Hata hivyo tume ile ilipofika kambini ilitazama sufuria na vyoo na mahema ya wagonjwa, na taarifa yake, pamoja na lawama ilizowatupia akina mama wenyewe, ilithibitisha kwa sehemu kubwa yale aliyoyasema Emily. Mwezi Oktoba 1901 peke yake walikufa zaidi ya watu 3,000. Kuanzia Novemba usimamizi ulitolewa mikononi mwa jeshi, matengenezo yakafanyika, na vifo vikapungua sana mwaka 1902. Maana yake ni kwamba vingeweza kuzuiwa tangu mwanzo.

Mwezi huo huo wa Oktoba Emily alirudi Cape Town. Hakuruhusiwa kushuka. Baada ya siku tano askari walimbeba kwa nguvu, akiwa mgonjwa na anakataa, wakamtia katika meli ya jeshi na kumrudisha kwao.

Baada ya vita hesabu ilifanywa. Katika kambi za Makaburu walikuwa wamekufa karibu watu 28,000, na zaidi ya 22,000 kati yao ni watoto wa chini ya miaka 16. Idadi hiyo inapita mara kadhaa ile ya wanaume wa Kikaburu waliokufa vitani. Katika kambi za Waafrika vifo vilivyoandikwa ni zaidi ya 14,000, na wataalamu wanaamini walifika 20,000 au kupita, kwa kuwa wengi hawakuandikwa na mtu. Wako Makaburu walioona afadhali kuhama kuliko kutawaliwa na Mwingereza: baadhi wakaja Arusha na Meru wakati wa Wajerumani, na mwaka 1908 kundi jingine likapanda Uasin Gishu, ambako bila shaka wasomaji wengine wamesikia habari zao.

Emily alirudi Afrika Kusini mwaka 1903. Mapatano yalikwisha tiwa sahihi na wanaume, lakini mashambani hapakuwa na dume la kuvuta plau. Alikusanya fedha, akanunua wanyama wa kulimia, vikundi vikazunguka kutoka shamba hadi shamba. Kisha akaona wasichana wamekaa katika nyumba zisizo na paa, hawana kazi wala shule. Mwaka 1905, pamoja na rafiki yake Margaret Clark, alifungua shule ya kusokota na kufuma sufi huko Philippolis, halafu nyingine Langlaagte, na zikaongezeka zikapita ishirini. Kwa mwalimu kama mimi, sehemu hii ndiyo iliyonigusa kuliko zote. Hotuba za amani huwa nyingi; gurudumu la kusokotea huzunguka kila siku, na jioni msichana ana uzi wa kuuza.

Mwaka 1913 Makaburu walijenga mnara wa ukumbusho wa wanawake na watoto huko Bloemfontein. Mchongaji alikuwa Anton van Wouw, na sanamu ya katikati ina yule mama wa Springfontein na mtoto wake, kwa ushauri wa Emily. Aliombwa aje kuufunua. Moyo wake ulikuwa mgonjwa, akafika Beaufort West akashindwa, akarudi; hotuba yake ikasomwa kwa niaba yake tarehe 16 Desemba. Katika hotuba hiyo aliwakumbusha Makaburu kwamba maelfu ya Waafrika nao walikufa katika vita vile, akawasihi wasiwanyime wengine uhuru walioupigania wenyewe. Ilikuwa miaka kumi na miwili tangu asipovuka kwenda kambi ile ya pili. Na mwaka huo huo, katika mji huo huo, wanawake Waafrika walikuwa wakikamatwa kwa kukataa kubeba pasi. Siku chache baadaye Gandhi alimwomba awe mpatanishi, naye akamwandikia Jenerali Smuts kuwaombea Wahindi. Mwaka 1914 wakapatana.

Vita Kuu ilipoanza hakubadili moyo. Mwanzoni mwa 1915 barua yake ya amani kwa wanawake wa Ujerumani na Austria ilitangazwa, ikiwa na sahihi za Waingereza wanawake mia moja hivi. Wanawake 155 wa huko wakajibu. Mwezi Aprili wanawake karibu 1,200 kutoka nchi kumi na mbili walikutana The Hague kudai upatanishi. Mwaka 1916 alifika Berlin kwa njia ya Uswisi, akaonana na waziri wa mambo ya nje, akarudi na habari za kubadilishana wafungwa raia. Serikali yake ilikasirika, maswali yakaulizwa bungeni. Vita vilipokwisha alikwenda Leipzig kuwalisha maelfu ya watoto wa shule, na sehemu kubwa ya fedha ilitoka kwa wanawake wa Kikaburu aliowasaidia zamani.

Azimio 1325 la Umoja wa Mataifa, linalotaka wanawake wawemo katika kuzuia vita na kufanya mapatano, lilipitishwa Oktoba 2000. Emily alikuwa amekwisha kufa miaka 74.

Alifariki London tarehe 8 Juni 1926. Kwao Uingereza walioandika habari zake ni wachache. Majivu yake yalipelekwa Bloemfontein, yakawekwa chini ya mnara ule Oktoba mwaka huo, mbele ya maelfu ya watu. Mwaka 1963, mnara ulipotimiza miaka 50, hotuba yake ilichapishwa tena, na maneno kuhusu Waafrika yakaachwa nje. Baadaye jeshi la majini la serikali ile ya ubaguzi lilinunua nyambizi za vita kutoka Ufaransa na kuipa moja jina la Emily Hobhouse. Ilitembea baharini na jina hilo hadi mwaka 1999, ilipobadilishwa ikaitwa Umkhonto, yaani mkuki.