Frank Hornby na Treni za Kuchezea

Nikikata mkebe wa mafuta ili nijenge stesheni ya Kiganjo na kile kiwanda cha maziwa, humkumbuka Frank Hornby. Alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka 1863. Aliacha shule akiwa na miaka 16, rika langu hasa! Uhandisi hakusomea, alikuwa karani tu. Aliwakatia wanawe vipande vya bati, akavitoboa matundu yaliyolingana, ndio kipande kile kile kijenge daraja leo na kreni kesho. Mwaka 1901 alikopa pauni 5 kwa mwajiri wake ili asajili uvumbuzi huo. Treni zake zilianza kuuzwa 1920. Alifariki 1936. Matundu yangu bado hayalingani, na paa la kiwanda limeanguka mara mbili. Mama naye anataka meza yake kabla shule hazijafunguliwa.