Jaji Waring: Haki ilimtoa katika mji wa baba zake

Mnyonge akipigania haki yake hakuna wa kushangaa. La kushangaza ni mtu aliyezaliwa upande wa wenye nguvu, akafikia umri wa kuitwa babu, ndipo akatambua kuwa dhuluma iko upande wake, na akalisema hilo hadharani.

Huyo ni Jaji Julius Waties Waring wa Marekani. Alizaliwa mwaka 1880 mjini Charleston, jimbo la South Carolina, katika familia ya Wazungu wenye asili na jina. Baba yake aliwahi kuwa askari wa majimbo ya Kusini yaliyopigania utumwa ubakie. Waring akawa wakili, kisha mwanasheria wa jiji na rafiki wa wanasiasa wakubwa. Ubaguzi wa rangi aliukuta, akauzoea.

Mwaka 1942 Rais Roosevelt alimteua kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho, ile inayosikiliza mashahidi na kuamua kesi kwa mara ya kwanza. Alikuwa na miaka 61.

Kilichomwamsha ni kesi ya Isaac Woodard. Februari 1946, askari huyo mweusi, aliyetoka kuitumikia nchi yake vitani, alishushwa ndani ya basi akiwa na sare zake. Mkuu wa polisi wa mji wa Batesburg alimpiga mpaka akapofuka macho yote mawili. Kesi ilipofika kwa Waring, waendesha mashtaka waliifanya kwa ulegevu. Raia waliopewa kazi ya kuamua, Wazungu watupu, hawakutumia hata nusu saa wakamwachia mtuhumiwa. Mke wa jaji, Elizabeth, alitoka mahakamani akilia. Tangu hapo mume na mke wakawa wanakesha wakisoma historia ya ubaguzi ambayo hawakuwahi kufundishwa.

Mwaka 1947 Waring aliamua kuwa weusi wana haki ya kupiga kura ndani ya chama cha Democratic kuchagua wagombea. Chama hicho ndicho kilichotawala jimbo, hivyo kumfungia mtu mlango huo kulikuwa sawa na kumnyima kura.

Ikaja kesi ya wazazi weusi wa Clarendon. Watoto wa Kizungu walipelekwa shule kwa mabasi, wao wakitembea kwa miguu. Mwaka 1951 majaji watatu waliisikiliza. Wawili walikubali shule ziendelee kutengwa. Waring peke yake aliandika kuwa kutenganisha kwenyewe ndiko kutokuwa sawa.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Marafiki walimkimbia, msalaba ulichomwa moto nje ya nyumba yake, mawe yakavurumishwa, na wabunge wa jimbo wakataka aondolewe. Mwaka 1952 alistaafu na kuhamia New York.

Miaka miwili baadaye, majaji wote 9 wa Mahakama Kuu ya Marekani walifika pale pale alipofika yeye akiwa peke yake. Alifariki mwaka 1968 na kurudishwa Charleston kuzikwa. Waliomsindikiza wengi walikuwa weusi. Wazungu walikuwa wa kuhesabika. Mwaka 2015 jengo la mahakama mjini humo lilipewa jina lake.

Basi tujiulize: ni dhuluma gani tuliyoizoea kwa kuwa haitugusi sisi? Na siku tutakapoiona, tutakuwa tayari kuwakosa jirani zetu?