Duke Kahanamoku: mwogeleaji aliyetakiwa kushinda mara mbili

Duke Kahanamoku, mwana wa visiwa vya Hawaii, alikuwa bingwa wa Olimpiki wa mita 100 mtindo huru mwaka 1912 na tena mwaka 1920. Hata hivyo, ushindi wake mkubwa ulikubaliwa tu baada ya yeye kurudi majini na kuuthibitisha upya.

Alizaliwa Honolulu tarehe 24 Agosti 1890, wakati Hawaii ilipokuwa bado ufalme huru. Alipokuwa na umri wa miaka miwili, malkia alipinduliwa, na mwaka 1898 visiwa hivyo vikatwaliwa na Marekani. Baba yake alikuwa askari polisi, naye Duke alikuwa kifungua mimba katika nyumba ya watoto tisa. Bahari ya Waikiki ndiyo iliyomlea: humo alijifunza kuteleza juu ya mawimbi kwa ubao kama mababu zake, na humo miguu yake ikazoea yale mateke mafupi ya haraka yaliyokuja kumpatia sifa duniani.

Mnamo Agosti 1911 mashindano yalifanyika katika bandari ya Honolulu. Kahanamoku aliogelea yadi 100 kwa sekunde 55.4. Matokeo yalipofika bara, viongozi wa michezo ya ridhaa wa Marekani hawakuyaamini. Walitilia shaka saa zilizotumika pamoja na mkondo wa maji, na rekodi ikakataliwa. Wakazi wa Honolulu walichanga fedha ili kijana wao asafiri kwenda kujipima mbele ya macho ya waliomtilia shaka. Huko alikutana na mabwawa, akalazimika kujifunza kugeuka ukutani, jambo ambalo bahari haikumfundisha. Alifaulu kuingia timu ya taifa.

Stockholm, mwaka 1912, nusura apoteze kila kitu. Kwa sababu ya kutoelewana kuhusu ratiba, Wamarekani hawakutokea kwenye nusu fainali, na kwa mujibu wa kanuni walikuwa wameshatoka. Cecil Healy wa Sydney, ambaye njia ya dhahabu ilikuwa imefunguka mbele yake, anakumbukwa kwa kusimama upande wa wapinzani wake ili waruhusiwe. Mchujo wa ziada ukaandaliwa. Kahanamoku aliushinda kwa dakika 1 na sekunde 2.4, muda uliolingana na rekodi ya dunia, kisha akatwaa dhahabu katika fainali. Healy alikuwa wa pili. Katika mbio za kupokezana, Healy na wenzake wa Australia, pamoja na Malcolm Champion wa New Zealand, waliwashinda Wamarekani.

Urafiki huo ulivuka Pasifiki. Kahanamoku alizuru Australia katika majira ya joto ya 1914 na 1915. Katika ufukwe wa Freshwater, Sydney, alichonga ubao wa mbao na kuwaonyesha maelfu ya watazamaji jinsi ya kupanda mawimbi. Katika bwawa la Domain aliogelea yadi 100 kwa sekunde 53.8, akiupita hata ule muda uliokataliwa. Healy hakuiona Olimpiki nyingine: aliuawa vitani nchini Ufaransa tarehe 29 Agosti 1918.

Vita vilifuta michezo ya mwaka 1916, Kahanamoku akiwa katika ubora wake. Mwaka 1920 huko Antwerp, siku aliyotimiza miaka 30, alishinda fainali kwa dakika 1 na sekunde 0.4. Mwogeleaji wa Australia alilalamika kuwa amezuiwa na mshindani mwingine, na fainali ikarudiwa. Kahanamoku alishinda tena. Wa pili na wa tatu, Pua Kealoha na Bill Harris, nao walitoka Hawaii. Miaka minne baadaye mjini Paris alipitwa na kijana Johnny Weissmuller; mdogo wake Duke, Sam, akashika nafasi ya tatu.

Kanuni za ridhaa zilimnyima mwanamichezo haki ya kujipatia riziki kwa kipaji chake, na adhabu yake ilikuwa kali: Jim Thorpe, aliyekuwa naye katika timu ya Stockholm, alinyang'anywa medali zake kwa sababu ya malipo madogo ya besiboli. Hivyo bingwa wa dunia aliuza petroli na kupata nafasi ndogo katika filamu. Alipokuwa California, mwezi Juni 1925, mashua ya wavuvi ilipinduka katika mawimbi makali. Watu 17 walifariki na 12 wakaokolewa. Wanane kati ya hao walitolewa majini na Kahanamoku, aliyekwenda na kurudi kwa ubao wake.

Mwaka 1934 watu wa Honolulu walimchagua kuwa sherifu, na wakaendelea kumchagua hadi cheo hicho kilipofikia kikomo kwake mwaka 1961. Alifariki tarehe 22 Januari 1968, na majivu yake yalitawanywa baharini mbele ya Waikiki. Leo sanamu yake imesimama huko nyumbani, na nyingine iko Freshwater. Ubao aliouchonga Sydney bado umehifadhiwa na klabu ya waokoaji ya ufukwe huo.