Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Hapa kwetu Kolwezi gunia la mawe ya shaba lina bei yake. Mtu hana bei. Lakini zamani watu nao waliuzwa, na mmoja wao alikuwa Adrian Atiman.

Alizaliwa yapata mwaka 1866, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu. Angali mtoto, Watuaregi walimnyakua, wakamvusha jangwa la Sahara, akauzwa utumwani. Huko Aljeria Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamfundisha dini, naye akabatizwa. Kisha Kardinali Lavigerie alimpeleka kisiwani Malta asome uganga. Mwaka 1888 alifunga safari pamoja na wamisionari, na mwaka 1889 akafika Karema, pwani ya mashariki ya ziwa Tanganyika, ng'ambo ya Kongo yetu.

Hapo alimwoa Agnes, binti wa ukoo wa watawala wa Wabende, na mwana wao Yosefu akawa padre. Atiman alitibu wagonjwa na kufundisha dini kwa miaka 67, hata alipofariki mwaka 1956. Alikuwa na elimu ya Malta, wala hakudharau miti ya dawa ya wenyeji, bali alijifunza kwao yaliyofaa.

Mganga wa kweli hatibu jina la ugonjwa tu, humtibu mtu aliye mbele yake. Elimu ya siku hizi yathibitisha neno hili. Kipimo cha dawa ya malaria hufuata uzito wa mgonjwa. Kwa hiyo kipimo cha baba chaweza kumdhuru mtoto. Tena wako watu ambao damu yao, tangu kuzaliwa, haivumilii dawa iitwayo primakwini: wakiimeza, chembe nyekundu za damu huvunjika. Jirani akiimeza hapatwi na neno.

Basi, ndugu, mwanao akishikwa na homa, usimpe vidonge alivyobakiza jirani. Mpeleke kwenye kituo cha afya, apimwe damu na uzito, apewe dawa yake mwenyewe, naye aimalize yote.

Atiman aliuzwa kama mzigo, akaishi akiwahudumia watu kama watu. Nawe siku ya ubatizo hutaitwa pamoja na kundi: utaitwa kwa jina lako. Mungu anakujua hivyo. Mwangalie mgonjwa wako vivyo hivyo.