Oliver Heaviside: Karani wa Telegrafu Aliyezipa Nyaya Hesabu na Majina

Huenda msomaji akajiuliza maisha ya Mwingereza aliyeshughulika na nyaya yanatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Oliver Heaviside, fauka ya hesabu zake, alikuwa muundaji wa istilahi. Indaktansi, impidansi, konduktansi na admitansi ni maneno aliyoyaasisi yeye kati ya 1885 na 1887, na hadi leo hakuna mhandisi anayeweza kufanya kazi bila kuyataja. Sisi tunaohangaika na istilahi, na ambao tumeirithi kazi kama ile Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, tuna haja ya kumjua mtu ambaye maneno yake yalikubalika ilhali yeye mwenyewe alikataliwa.

Alizaliwa tarehe 18 Mei 1850 mtaani Camden Town, jijini London. Babake, Thomas, alikuwa mchongaji wa picha za vitabuni kwa mbao, ufundi uliokuwa ukidorora, na nyumba yao haikuwa na kitu cha ziada. Utotoni Oliver alishikwa na homa ya vipele vyekundu iliyomwacha na uziwi ambao haukuisha kabisa. Mtoto asiyesikia vyema hutengwa na wenzake michezoni, na wengi wamehusisha upweke wake wa baadaye na miaka hiyo. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 16. Hakuwahi kukanyaga chuo kikuu kama mwanafunzi.

Bahati yake ilikuwa kwamba mamake mdogo aliolewa na Charles Wheatstone, mmoja wa waasisi wa telegrafu nchini Uingereza. Kwa njia hiyo, kijana huyo alipata kazi mwaka 1868 katika kituo cha telegrafu nchini Denmark, kisha akahamishiwa Newcastle, upande wa pili wa kebo iliyopita chini ya Bahari ya Kaskazini. Hiyo ndiyo kazi pekee ya mshahara aliyowahi kuifanya. Aliiacha mwaka 1874, akiwa na miaka 24, akarejea kwa wazazi wake na kujifungia chumbani na kitabu cha James Clerk Maxwell kuhusu umeme na sumaku, kilichokuwa kimechapishwa mwaka uliotangulia. Hesabu zilizokuwamo zilimzidi kimo. Aliziweka kando, akajifundisha hisabati upya, kisha akakirudia kitabu.

Swali lililomsumbua lilitokana na kazi yenyewe. Ishara iliyotumwa kwa ukali upande mmoja wa kebo iliwasili upande wa pili ikiwa imetanuka na kufifia, moja ikiingiliana na nyingine. Kebo ya kwanza ya Atlantiki, ya mwaka 1858, ilitumia takriban saa 16 kupitisha salamu za maneno 98 za Malkia Victoria, na baada ya majuma machache ikafa. Kebo iliyofika Unguja kutoka Aden mwaka 1879 ilikuwa chini ya sheria hizo hizo za maumbile. William Thomson, aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa ameeleza tangu 1855 kwamba waya wa baharini huhifadhi chaji, na kwamba urefu ukizidishwa maradufu, ucheleweshaji huwa mara nne. Lakini Thomson alihesabu ukinzani na kapasitansi tu. Mnamo 1876 Heaviside aliongeza indaktansi, yaani ile tabia ya mkondo kupinga badiliko lake wenyewe kwa sababu ya usumaku unaouzunguka, na baadaye akaongeza uvujaji wa umeme kupitia kihami. Hapo ishara ikabadilika maana. Haikuwa tena kama maji yanayonywea mchangani, bali wimbi linalosafiri kwa kasi maalumu.

Mwaka 1887 alitoa tokeo lililomshangaza kila aliyelielewa. Iwapo uwiano wa ukinzani kwa indaktansi unalingana na uwiano wa uvujaji kwa kapasitansi, ishara hufika ikiwa imepungua nguvu lakini umbo lake halijaharibika hata kidogo. Katika nyaya za wakati huo indaktansi ilikuwa ndogo mno. Dawa, basi, ilikuwa kuiongeza.

William Preece, mtaalamu mkuu wa umeme katika Posta ya Uingereza, alikuwa ametangaza hadharani kwamba indaktansi ndiyo adui wa simu. Makala ambayo Heaviside aliandika pamoja na kakake Arthur, aliyekuwa mfanyakazi wa Posta, ilihitaji idhini yake, na idhini hiyo haikutoka. Mwaka huo huo jarida la The Electrician, lililokuwa likichapisha mfululizo wake, lilibadilisha mhariri na mfululizo ukasitishwa. Nionavyo mimi, Preece hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mkubwa wa ofisi aliyekuwa amekwisha kusema neno mbele za watu na hakuweza kulimeza. Hata hivyo, gharama ilikuwa kubwa. Mbinu hiyo ilipoanza kutumiwa, ilitumiwa Marekani. Mwaka 1900 Michael Pupin, profesa katika chuo kikuu cha Columbia, alipata hataza ya kutia vikoili vya waya kila baada ya masafa fulani katika laini za simu, na kampuni ya AT&T ikamlipa mamia ya maelfu ya dola. Yasimuliwa kwamba Heaviside naye alitolewa fedha, akazikataa kwa kuwa hazikuandamana na kukiri kwamba fikra ilikuwa yake.

Heshima ilimfikia polepole. Thomson alimsifu mbele ya wahandisi mwaka 1889, na 1891 akachaguliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. Msaada wa fedha uliopendekezwa mwaka 1894 aliukataa akiuona sadaka. Miaka miwili baadaye alikubali malipo ya serikali ya pauni 120 kwa mwaka, yaliyotolewa kwa jina la kutambua kazi yake.

Msomaji atakayefungua simu ya mkononi iliyoharibika ataona utepe mwembamba wa rangi ya kahawia unaounganisha kamera au kioo na bodi kuu. Utepe huo ni bodi ya saketi inayopindika, iliyotengenezwa kwa plastiki ya poliimidi na njia nyembamba za shaba. Ishara hupita humo kwa kasi ya takriban sentimita 16 katika kila nanosekunde. Mbunifu wake hukabiliwa na swali la Heaviside. Impidansi ya njia, ambayo ni kipeuo cha pili cha indaktansi ikigawanywa kwa kapasitansi, sharti ibaki ile ile mwanzo hadi mwisho, la sivyo sehemu ya wimbi hugonga na kurudi ilikotoka kama bahari igongapo ukuta. Lakini utepe ukiwa mwembamba, shaba ya ardhi hukaribia mno njia ya ishara, kapasitansi hupanda na impidansi hushuka. Kwa hiyo mara nyingi shaba hiyo husukwa mfano wa wavu. Matundu hupunguza kapasitansi na kuuacha utepe upindike bila kupasuka. Hata hivyo, kasi ikizidi sana, matundu yale yale huuvuruga mkondo unaorudi, na mbunifu hulazimika kuchagua kati ya ulaini na usafi wa ishara.

Miaka yake ya mwisho aliishi Torquay, katika nyumba ambamo majabali ya mawe yalichukua nafasi ya viti. Hakuwa mtu rahisi kuishi naye. Mary Way, aliyekuwa mwenye nyumba na shemeji ya kakake, alivumilia amri zake kwa miaka kadhaa, kisha akahama. Mwaka 1922 wahandisi walimtunukia Nishani ya Faraday, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuipokea. Alifariki tarehe 3 Februari 1925, akazikwa Paignton katika kaburi la wazazi wake.